Kutoka Lushoto Hadi Irente: Matembezi ya Jamaa Nzima na Elimu Iliyomo Njiani

Mwanafunzi wa kidato cha pili katika nchi yetu huweza kueleza vizuri jinsi barafu ilivyochonga mabonde ya milima ya Alps, naye hajapata kuiona barafu ila ile ya kwenye glasi. Huyo huyo umwulize swali la hapa nyumbani: Lushoto iko juu kuliko Mombo, na kwa hiyo iko karibu zaidi na jua, mbona basi Mombo watu hutokwa jasho na Lushoto huvaa sweta? Wengi watanyamaza. Wachache watasema kwamba Lushoto iko karibu na mawingu, na hapo mazungumzo yatakwisha.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo, na mengine mengi yanayolifuata, yanaweza kujibiwa kwa miguu, katika siku moja au mbili, na jamaa yenye watoto wa miaka saba au na darasa zima la sekondari. Yafaa tuseme mapema kwamba hatuzungumzii mbuga kama Serengeti au Mikumi, ambako mgeni hutazama wanyama akiwa garini. Njia ya Irente hupita vijijini na mashambani mwa watu. Msitu wa Magamba, ulio juu ya mji, ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na humo mtu hutembea kwa miguu yake. Shule nyingi huacha safari za mafunzo kwa sababu ya gharama ya basi la kwenda kuona tembo. Mlima hauna tembo, lakini kwa mwalimu wa sayansi nadhani unayo mengi zaidi ya kufundishia.

Kipimajoto safarini

Somo lianzie Mombo, mji mdogo ulio kwenye barabara kuu na kando ya reli ya Tanga, takriban meta 400 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo barabara hupanda kwa kona nyingi, ikapita Soni, na baada ya kilomita zipatazo 33 hufika Lushoto, kwenye kimo cha takriban meta 1,400. Chukua kipimajoto cha maabara, afadhali kile cha spiriti, maana kile cha zebaki kikivunjika ndani ya basi ni hatari. Pima joto la hewa kivulini Mombo, kisha Soni, kisha Lushoto.

Mwanafunzi mwerevu atapinga mara moja: toka tulipopima Mombo saa nzima imepita na jua limepanda, je, tunapima kimo au tunapima saa? Mwalimu amshukuru. Dawa yake ni kuligawa darasa. Kundi moja libaki Mombo, kundi la pili lipande, na makundi yote mawili yapime kwa saa ile ile, yakipashana habari kwa simu. Kwa kawaida tofauti itakaribia digrii 6 za Sentigredi.

Sababu ni hii. Jua halipashi hewa joto jingi moja kwa moja. Huipasha ardhi kwanza, na ardhi ndiyo ipashayo hewa iliyo karibu nayo. Hewa hiyo ikipanda hukuta mkandamizo mdogo zaidi, kwa kuwa juu yake imebaki hewa haba ya kuielemea. Basi hutanuka, na kutanuka ni kazi, nayo kazi hiyo hulipiwa kwa joto la hewa yenyewe. Kila kijana aliyepata kupiga pampu ya baiskeli ameona kinyume chake: hewa ikishindiliwa, pampu huwa ya moto mkononi. Na akifungua vali ya gurudumu, upepo utokao ni wa baridi. Hewa kavu ipandapo hupungukiwa karibu digrii 1 kwa kila meta 100. Yenye mawingu hupoa polepole zaidi, kwa kuwa mvuke unapogeuka kuwa matone huachilia joto uliokuwa umelificha. Kwa wastani wa siku nyingi twahesabu digrii 0.6 kwa kila meta 100, na kwa meta 1,000 za kutoka Mombo hadi Lushoto hesabu hiyo inatoa zile digrii 6.

Mkandamizo huo mdogo una jambo lake jikoni pia. Pwani maji huchemka kwenye digrii 100. Lushoto huchemka karibu na digrii 95. Ukichochea moto zaidi, maji yatatokota kwa kelele zaidi lakini hayatapata joto zaidi. Kwa hiyo maharage ya Lushoto hukaa motoni muda mrefu kuliko maharage ya Tanga, na kila sufuria hudai kuni za ziada. Msomaji alikumbuke jambo hili tutakapofika msituni.

Njia ya Irente

Kutoka mjini Lushoto njia hupita kijiji cha Yoghoi, kisha hupinda kuelekea ukingo wa mlima. Ni mwendo wa kilomita zipatazo sita. Mtu mzima huhitaji saa moja na nusu. Mwenye watoto wadogo ajiwekee saa mbili na nusu, na asiwe na haraka, maana faida yote imo katika kusimama.

Kitu cha kwanza cha kusimamia ni miti. Mtoto apewe kazi ya kuokota majani yaliyoanguka, kisha aulizwe mti upi ni mwenyeji na upi ni mgeni. Jani lililochanikachanika, lenye rangi ya fedha upande wa chini, ni la mgrivilea. Lile refu lenye harufu ya dawa ya kifua ni la mkaratusi. Miti yote miwili asili yake ni Australia, kama ilivyo pia kwa mwati. Misindano mingi ya mashamba ya serikali ilitoka Mexico. Huenda jamaa ikatembea nusu saa nzima pasipo kuokota jani la mti mwenyeji, na mtoto atakapoligundua hilo mwenyewe atakuwa amejifunza historia ya Usambara kuliko kwa kusomewa.

Mimi simo katika kundi la wanaoulaani mkaratusi. Hukua upesi, hutoa nguzo na kuni, na bila hiyo miti migeni msitu wa asili ungalikatwa zaidi. Lawama impate aliyeupanda penye chemchemi, kwa kuwa mti unaokua upesi hunywa upesi pia.

Cha pili ni mashamba yenyewe: kabichi, karoti, viazi, maharage, na migomba, kwenye miteremko ambayo mgeni wa nchi tambarare angeogopa hata kuisimamia. Tazama jinsi udongo unavyozuiwa. Mahali pengine kuna makinga ya ardhi. Pengine kuna mistari ya majani ya malisho yaliyopandwa kukingama mteremko. Mistari hiyo ina habari ndefu. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ya Uingereza ilileta Usambara mpango wa kuhifadhi udongo, ulioanzia bonde la Mlalo, na wakulima wakaamriwa kwa sheria kulima kwa matuta. Kazi ilikuwa nzito, sehemu kubwa iliwaangukia akina mama, mavuno hayakuonekana kuongezeka, na watu wengi walishuku kwamba nyuma ya matuta ilikuwako nia ya kuwanyang'anya ardhi. Walikataa. Kabla ya Uhuru mpango ule ulikuwa umekwisha kuachwa.

Kwa upande wa fizikia mabwana shamba wale hawakuwa wamekosea sana: maji yatiririkayo kwa kasi hubeba udongo mwingi, na kikingamo chochote hupunguza kasi. Kilichokosekana ni hesabu ya nguvu za mikono ya anayelima, na ya chakula chake cha mwaka ule. Toka mwaka 1981 mradi mwingine, uliojulikana kwa kifupi kama SECAP na kusaidiwa na Ujerumani, ulihimiza mistari ya majani na miti pamoja na ng'ombe wa kufugwa zizini. Majani huzuia udongo, na ng'ombe huyala. Mkulima huona maziwa mwaka huo huo, wala hangoji miaka ishirini ili ashukuriwe na mto. Wanafunzi wapewe nafasi ya kuulinganisha mpango wa kwanza na wa pili wao wenyewe, wakiwa wamesimama kwenye mteremko wenyewe.

Karibu na mwisho wa njia kuna Shamba la Irente, la Kanisa la Kilutheri, lenye sifa ya mikate, jemu na jibini. Watoto waliochoka hupata nguvu mpya hapo.

Ukingoni

Kisha nchi inakatika ghafla. Chini ya miguu, meta zipatazo elfu moja, imelala nyika: barabara kuu kama uzi, mashamba ya mkonge yaliyopimwa kwa mistari, na ng'ambo yake tambarare ya Wamaasai hadi macho yanaposhindwa. Watoto washikwe mikono kabla ya kufika kwenye majabali, si baada ya kufika. Mwalimu akae yeye upande wa genge na darasa likae upande wa mlima.

Walioketi sasa watazame mwamba walioukalia. Una mistari, myeupe na ya giza, kama kitambaa kilichokunjwa. Huu ni mwamba uitwao gnaisi. Ulipikwa na kukandamizwa ndani sana ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na madini yake yakajipanga kwa matabaka. Wanafunzi wengi hudhani kila mlima ni volkano, kwa sababu Kilimanjaro ndio mlima wanaoujua. Usambara si volkano. Ni pande la ardhi ya kale lililoinuliwa kando ya nyufa kubwa, mara kwa mara kwa mamilioni mengi ya miaka, huku ardhi ya jirani ikibaki chini, na ukingo wa Irente ni upande wa pande hilo. Kilimanjaro, ambayo haijatimiza miaka milioni 3, ni mtoto mchanga mbele ya jabali hili.

Mapande ya namna hiyo ni 13, kuanzia vilima vya Taita nchini Kenya, kupitia Pare, Usambara, Nguru na Uluguru, hadi Udzungwa. Kwa pamoja wataalamu huyaita Milima ya Tao la Mashariki.

Kwa nini huku juu ni kijani na kule chini ni kahawia? Upepo wenye mvua hutoka Bahari ya Hindi, yaani nyuma ya mtu anayetazama nyika kutoka Irente. Hupiga kwanza Usambara ya Mashariki, ambako Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Huvuka bonde la Lwengera. Hupanda tena Usambara ya Magharibi, ambako Lushoto hupata nusu hivi ya kiasi hicho. Ufikapo ukingoni hapa umekwisha kutua mzigo wake. Ukiteremka genge hushindiliwa, kama hewa ya pampu, hupata joto na kukauka. Nyika iliyo chini imo katika kivuli cha mvua.

Wasambaa wa kale waliijua tofauti hii barabara, na lugha yao huitenga nchi ya juu, Shambaai, na nyika. Wanahistoria wameonyesha kwamba vijiji vingi vya zamani vilijengwa karibu na ukingo ili watu wale matunda ya nchi mbili: migomba huku juu, na mazao ya nchi ya joto kule chini. Mwaka wenye njaa upande mmoja haukuwa lazima uwe wa njaa upande wa pili. Mkonge uonekanao chini ni mgeni wa juzi tu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na iliyofika pwani yetu ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 yalizaliwa mashamba ambayo baadaye yaliifanya Tanganyika kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge.

Ndani ya Magamba

Msitu wa Magamba ustahili siku yake peke yake. Uko kilomita chache kaskazini ya mji, na vilele vya Usambara ya Magharibi hupita meta 2,200. Tangu mwaka 2010 ni hifadhi ya mazingira asilia. Kwa hiyo hapana budi kupata kibali na kiongozi kabla ya kuingia.

Jambo la kwanza wanalolitambua watoto ni kimya na unyevu. Mikulo na mipodo imefunikwa kuvumwani na ndevu za kijani. Hivyo si uchafu wa miti. Ukungu upitapo, vitawi hivyo vidogo hunasa matone ambayo ni madogo mno kuanguka yenyewe, huyaunganisha, na kuyadondosha chini. Jaribio lake halihitaji fedha: makopo mawili yaliyo sawa, moja chini ya mti wenye kuvu nyingi, la pili mahali pa wazi, yaachwe asubuhi yenye ukungu lakini isiyo na mvua. Kopo la wazi laweza kubaki kavu huku la chini ya mti likipata maji.

Maji hayo yana safari. Vijito vya milima hii hukusanyika, huporomoka Soni, huteremka hadi Mombo ambako humwagilia mashamba ya mpunga, huingia Mkomazi na kisha Pangani, ambao kabla ya kufika baharini huzungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani. Sehemu kubwa ya maji ya Pangani hutoka Kilimanjaro na Meru, hilo ni kweli. Lakini mpunga wa Mombo haungojei Kilimanjaro. Unaingoja Soni.

Sasa wale viumbe. Zama za barafu, sehemu nyingi za Afrika zilipokauka na misitu ikanywea, Tao la Mashariki liliendelea kupata unyevu wa Bahari ya Hindi. Msitu ukabaki juu ya milima kama visiwa, na viumbe waliotengwa wakabadilika kila mmoja kwa njia yake. Ndege mdogo wa kahawia aitwaye kitaalamu Sheppardia montana hakai mahali pengine popote duniani isipokuwa katika misitu hii ya Usambara ya Magharibi. Kinyonga wa hapa mwenye pembe mbili puani naye ni wa milima hii. Mwaka 2006, wataalamu walipotenga jenasi mpya ya vinyonga wa milima ya Afrika ya Mashariki, waliiita Kinyongia, kutokana na neno letu wenyewe.

Katika sehemu nyingi za nchi watoto hufundishwa kumwogopa kinyonga au kumpiga mawe. Hana sumu. Macho yake huzunguka kila moja kwa njia yake, na ulimi wake ukinyooshwa huweza kuupita mwili wake kwa urefu. Na habari kwamba hubadili rangi ili afanane na mahali alipo si ya kweli kwa sehemu kubwa: rangi humsaidia kurekebisha joto na kuzungumza na wenzake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 juu ya kinyonga wa Madagascar ulionyesha kwamba chini ya ngozi kuna fuwele ndogo mno. Mnyama akizisogeza mbali au karibu, nuru hurudishwa kwa rangi nyingine. Atazamwe, lakini asichumwe tawini.

Nilipokuwa masomoni Ulaya niliona katika madirisha ya wazee chungu kidogo chenye maua ya zambarau na majani yenye manyoya laini. Wenyewe waliyahesabu kuwa maua ya kwao. Asili yake ni hapa. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani wa Tanga, aliyapeleka kwao, na mwaka 1893 yakapewa jina la Saintpaulia kwa heshima ya ukoo wake. Aina mojawapo huitwa kwa jina la Shume, juu ya Lushoto. Siku hizi wataalamu wa uainishaji wameyatia katika jenasi ya Streptocarpus, lakini wauza maua hawajasikia. Duniani yamo madirishani kwa mamilioni; porini yanaishi kwenye miamba yenye kivuli, na kivuli kikikatwa nayo huisha.

Kukatwa huko si kwa leo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni ya Kijerumani ya Wilkins na Wiese ilijenga waya wa kuning'inizia magogo kutoka Shume hadi Mkumbara penye reli, ili kuteremsha mitarakwa. Baadaye yalifuata mashamba ya misindano, kisha mashamba ya mboga, na siku zote kuni za yale maharage yanayokawia kuiva. Kiongozi aombwe alipeleke darasa mpaka kwenye mstari ambapo msitu unakoma na shamba linaanza. Pimeni joto la udongo, kina cha sentimeta tano, hatua kumi ndani ya msitu na hatua kumi nje yake, saa sita mchana. Andikeni tarakimu hizo mbili kabla ya kuzungumza lolote.

Mambo machache ya safari. Miezi ya Juni hadi Septemba ni mikavu lakini ina baridi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, njia huteleza. Kila mtoto awe na sweta, kofia ya jua, na maji. Ondokeni asubuhi, kwa kuwa alasiri ukungu huweza kuufunika ukingo wa Irente na kuficha kila kitu.

Na kwa wale watakaokuwa wamebaki Mombo na kipimajoto chao, hesabu ya kuwashughulisha. Hewa imefika chini ya mlima, upande wa bahari, ikiwa na digrii 26. Inapanda meta 700 bila wingu, kisha meta 700 nyingine ndani ya wingu, ambako tuseme inapoa kwa digrii 0.6 kila meta 100. Mvua inanyesha na kubaki mlimani. Hewa inavuka ukingo na kuteremka meta 1,400 ikiwa kavu. Itafika Mombo ikiwa na digrii ngapi?